Sumu Haijipiki

Onesmus Ingosi hakuwahi kuogopa neno. Katika shule ya bweni aliyosomea, ile ya kilimani yenye kengele ya shaba na maji baridi ya alfajiri, mwaka wa kwanza aliogopa viboko na mwaka wa pili akaogopa hesabu, lakini maneno yalikuwa mali yake. Alitwaa tuzo ya Kilatini miaka mitatu mfululizo. Alipoajiriwa kuwa karani na mkalimani katika hospitali ya serikali mjini Kakamega, mwaka mmoja baada ya Uhuru, aliingia kazini na kamusi kwapani, suruali imepigwa pasi ikasimama kama ubao, na imani kwamba mtu aliyefunzwa kusimama wima hawezi kusema lililopinda.

Yaliyotukia Malinya mwaka wa 1970 yalianza na neno moja, na neno hilo alilichagua mwenyewe.

Siku hiyo alifuatana na Daktari Moira, mwanamke wa Kiskoti aliyekuja kuchunguza kansa ya mlango wa kizazi. Wanawake wa upande ule walikuwa wakifika hospitalini wamechelewa, wanavuja damu, wameona haya hadi haya imewamaliza, na daktari alitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi. Watu walikusanyika katika darasa la shule ya msingi, wanawake kwenye madawati na wanaume wameegemea kuta. Daktari akasema kwa Kiingereza, Onesmus akageuza kwa lugha ya nyumbani.

Mwanzoni maneno yalitiririka. Kisha daktari akafika penyewe. Alieleza kwamba baadhi ya wataalamu walikuwa wameanza kushuku kijidudu fulani, kidogo kuliko vyote vilivyozoeleka. Kwamba hiyo ilikuwa shaka tu, haijawa hakika. Na kwamba, kama shaka hiyo ni ya kweli, huenda mwanamume akakitoa kwa mwanamke mmoja akakipeleka kwa mwingine kitandani, yeye mwenyewe asiumwe, asijue, wala asistahili lawama. Kwa sababu hiyo aliomba damu ya wagonjwa na ya wanawake wazima, apate kuilinganisha. Aliomba pia kujua kila mume alikuwa na wake wangapi, walio hai na waliokufa.

Onesmus alifungua kinywa, akamwona mkwewe.

Mama mzazi wa mkewe Sellah alikuwa dawati la pili. Alikuwa ameupa ukuta uso na kujitanda leso hadi kwenye nyusi, kama ilivyompasa mwanamke aliyejikuta chumba kimoja na mume wa bintiye. Katika miaka miwili ya ndoa ile, Onesmus hakuwahi kumsemesha mama huyo. Wakikutana njiani, mmoja wao huingia katika mahindi akangoja mwenzake apite. Kutaja kitanda mbele yake kungekuwa sawa na kumvua nguo sokoni.

Tena palikuwa na jambo la pili, ambalo Onesmus hakulikiri hata moyoni mwake. Kabla ya Sellah alikuwa na mke mwingine, Jepkemboi, binti wa Kinandi. Jepkemboi alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa. Daktari aliposema "na waliokufa", Onesmus alihisi kana kwamba kalamu ya yule mwanamke imemgusa kifuani.

Kwa hiyo akaliruka. Kijidudu chenyewe hakikuwa na jina katika lugha ya nyumbani. Siku hizi watu hutaja virusi kama wanavyotaja chumvi. Mwaka ule neno hilo halikuwa limefika Malinya. Onesmus akalitafuta katika Kilatini, akamwona akilini mwalimu wake wa zamani akiandika ubaoni kwa chaki: virus, yaani sumu. Akaingiwa na fahari ndogo, ile ya mwanafunzi ainuaye mkono kabla swali halijaisha.

"Daktari asema kuna sumu," alitangaza. "Ni ndogo, haionekani kwa macho. Huenda ndiyo iletayo ugonjwa huu."

 Bibi mmoja wa dawati la nyuma akakohoa.

"Sumu haijipiki," akasema. "Nani anaiweka?"

Jibu lilikuwa kitandani, na kitanda hakikutajika. Onesmus alitazama juu ya vichwa vya watu.

"Hilo ndilo daktari analolitafuta," akajibu. "Damu itaonyesha."

Alipokuwa akitoka mbele ya darasa alijipima kwa mizani yake ya kawaida, akaona hakusema uongo. Kila neno, likishikwa peke yake, lilikuwa la kweli.

Wanawake walijipanga mstari mrefu kuliko ule wa vijiji vyote vya awali. Daktari Moira, mikono yote imejaa chupa, alimshukuru mkalimani wake kwa ufasaha. Ni mmoja tu aliyekataa sindano. Huyo alikuwa Kageha, mke mdogo wa Cornelius mchimba dhahabu, Mmaragoli aliyeolewa ugenini, mwenye mimba ya miezi sita. Alisema damu aliyo nayo ni ya watu wawili, na huyo wa pili hajaulizwa. Mke mwenzake, Selpher, alikuwa tayari amelazwa Kakamega na ugonjwa huohuo. Kageha alipotoka, macho ya darasa zima yalimfuata mgongoni hadi alipopotea nyuma ya michongoma. Onesmus aliyaona macho hayo. Akaandika daftarini: amekataa.

Zilipita wiki tatu kabla hajajua alichokifanya.

Aliitwa wodini asubuhi moja kumsaidia muuguzi mgeni kuzungumza na Selpher. Mama yule alikuwa amekwisha. Mashavu yameingia ndani, mikono imebaki vijiti. Kando ya kitanda alisimama Kageha na bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na obusuma, ugali wa nyumbani, na mboga, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Selpher aliugeuzia ukuta uso.

"Karani, mwambie arudi nacho."

Onesmus alimwambia kwa upole kwamba hicho ni chakula cha nyumbani, na kwamba mgonjwa hapati nguvu kwa kufunga kinywa.

"Yeye huletanga kila siku," Selpher alisema, sauti yake nyembamba kama uzi. "Ndivyo inavyoletwanga, kidogo kidogo. Si wewe mwenyewe ulitufundisha?"

 Mwanamke wa kitanda cha jirani alisogeza kikombe chake cha maji mbali na alipokuwa amesimama Kageha. Alikisogeza polepole, kwa adabu, na adabu ile ilimtisha Onesmus kuliko tusi.

Barazani, Kageha alimweleza yote bila kulia. Tangu siku ya darasa hakuna aliyechota maji katika mtungi wake. Mumewe alikuwa amehamia kwa nduguye, Barasa. Watoto wa Selpher, aliowalea mwaka mzima, walikuwa wamefundishwa kutema mate akipita. Walisema alikataa sindano kwa sababu damu yake inamjua. Barasa alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba siku mwenzake atakapokata roho, ataonyeshwa njia ya mashimo, yale yaliyochimbwa na Wazungu wakitafuta dhahabu, wakayaacha wazi. Hayana kifuniko, alisema, wala hayana mwisho.

"Karani, wewe ulimsikia yule daktari. Alinitaja mimi?"

"Hakukutaja."

"Basi alimtaja nani?"

Onesmus alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa hata akajiona ndani yake, mdogo, kichwa chini. Kageha alingoja muda wa kutosha kumpa mtu nafasi ya kuwa mwaminifu, kisha akachukua bakuli lake akaenda zake.

Alasiri hiyo Onesmus alirudi nyumbani kwake Shieywe kabla ya saa yake. Sellah hakuwa amemsikia. Alikuwa uani anaanika shuka, na nyuma ya shuka, mahali ambapo jirani asingeona, alikuwa amepanga vitambaa vitatu vilivyofuliwa hata vikaparara, kila kimoja na doa la kahawia lisilokubali sabuni. Aligeuka, akatabasamu haraka mno.

"Ni vya mwezi," alisema kabla hajaulizwa.

Mwezi wake ulikuwa umeisha siku kumi zilizopita. Onesmus alilijua hilo, na alijua jambo jingine zaidi: Jepkemboi naye alikuwa akianika nyuma ya shuka.  Alitaka kuuliza. Aliingia ndani, akafungua kamusi, akaketi mbele yake bila kusoma. Usiku na mchana wa wiki ile alikuwa kama mtu aliyeshika kaa la moto mfukoni, naye hathubutu kulitoa kwa kuwa watu wanamtazama.

Alhamisi Selpher alikufa. Mazishi yalipangwa Jumamosi, na habari ikatangulia jeneza: Kageha ataapishwa kaburini, alambe udongo wa mwenzake, na baada ya kiapo, akiwa mzima au asipokuwa, watu wa Barasa watamsindikiza hadi mashimoni.

Onesmus alikwenda ofisini kwa Daktari Moira, akabaki amesimama hata alipoambiwa aketi. Alimweleza neno alilolitumia, na nusu aliyoiruka. Daktari alivua miwani. Hakumkaripia, alisema tu kwamba wataondoka pamoja kwa gari lake, naye ataeleza upya.

"Ukienda, nitakuwa mkalimani tena," Onesmus alimwambia. "Nitajificha nyuma yako."

Basi aripoti kwa chifu, daktari alisema. Onesmus alikuwa ameshafanya hivyo. Chifu angetuma askari wawili. Lakini askari husimama siku moja, na mashimo hukaa wazi mwaka mzima.

Jumamosi alipofika, ngoma za isukuti zilikuwa zikilia na ua umejaa. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili kando ya kaburi. Kageha aliketi karibu na meko yaliyozimika, mikono imezunguka tumbo, na pande zote za mwili wake palikuwa na uwanda mtupu ambapo mtu angeweza kujenga nyumba. Askari wawili walikuwa wameegemea ghala, wanakunywa uji. Kati ya kina mama, kando ya jeneza, Onesmus aliiona leso aliyoijua, na uso uliogeuzwa.

Barasa alimwona, akainua fimbo kama mtu anayemsalimu rafiki.

"Karani wa damu! Umetuletea majibu, au umekuja na chupa nyingine?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha msibani.

"Nimeleta majibu," Onesmus akasema.

Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine. Aliwaomba wazee ruhusa, nao wakampa kwa shingo upande. Akasimama kama alivyofundishwa kusimama mbele ya shule nzima, visigino pamoja, mabega nyuma. 

"Siku ile shuleni daktari hakusema sumu. Sumu niliisema mimi."

Akawageukia wazee. 

"Alisema kijidudu. Kama cha surua, kinachotoka kwa mtu kikaingia kwa mtu, pasipo mchawi. Tena alisema ni shaka tu, bado wanatafuta. Mliponiuliza nani anaiweka, nilijua njia aliyoitaja, nikaificha. Damu haionyeshi mtu. Damu haina jina la mtu yeyote."

"Njia gani?" aliuliza mzee mmoja.

Onesmus aliitazama ile leso.  Kisha akasema, kwa lugha ya nyumbani, kwa maneno ambayo mama yake mzazi angempiga kwa kuyatamka.

"Kitanda cha mke na mume. Mwanamume hukibeba asijue. Hukitoa kwa huyu akakipeleka kwa yule."

Mnong'ono ulipita uani kama upepo katika mahindi makavu. Barasa alikuwa ameshapiga hatua tatu mbele.

"Kwa hiyo sasa ni ndugu yangu aliyemuua mkewe? Umekuja kula matanga yetu, kisha unatutemea?"

Wanaume wengine wawili walisimama naye. Mmoja wa askari aliweka kikombe chini, lakini hakuondoka ghalani. Onesmus aliziona fimbo, akaona pia, mbali nyuma ya migomba, lundo jekundu la udongo uliotolewa ardhini zamani.  Alipofungua kinywa, kilichotoka hakikuwa kile alichokiandaa njiani.

"Sisemi ameua. Hakuna aliyeua. Lakini kama hii ndiyo hatia, na mtu lazima atupwe shimoni, basi anzeni na mimi. Mke wangu wa kwanza alikufa kwa ugonjwa huu. Nilimzika, nikaoa tena, sikumwambia mtu."

Barasa alibaki na fimbo hewani. Ni rahisi kumpiga mwongo. Ni vigumu kumpiga mtu anayejishtaki. Alimgeukia nduguye, akitaka aambiwe la kufanya.

Cornelius alikuwa ameketi kichwani mwa jeneza tangu asubuhi, mtu mnene aliyenyauka kwa siku mbili. Aliinuka taratibu. Akalivuka lile eneo tupu, vumbi jekundu la mgodini likimdondoka kwenye viatu, akasimama mbele ya mke wake mdogo.

"Nipe maji," alisema.

Kageha alimtazama kana kwamba hakusikia. Kisha akainuka kwa kujishika kiuno, akaenda kwenye mtungi wake, akachota. Cornelius alikunywa mbele ya watu wote, akaliinua kopo hata tone la mwisho. Akalirudisha, akaomba jingine.

Barasa alitema mate. Lakini fimbo aliishusha, na waliosimama naye wakakumbuka kwamba kaburi lilikuwa halijasafishwa kingo. Hapakuwa na kiapo. Bibi yule wa dawati la nyuma alinung'unika kwamba bado haamini wadudu wa Wazungu, ila kiu ya mume ameiona. Kageha hakumshukuru karani. Alipopita karibu naye alimtazama mara moja, na Onesmus akajua kwamba wiki zile tatu hazingefutwa na hotuba yoyote.

Alikuwa anageuka kuondoka alipoona kina mama wamefungua njia. Mkwewe alikuwa akimjia. Kwa mazoea Onesmus alirudi nyuma atafute mahindi ya kujificha, lakini mama yule aliendelea kuja, na alipofika hatua mbili aliishusha leso yake mabegani. Kwa mara ya kwanza Onesmus aliuona uso huo kamili. Ulikuwa wa Sellah, ulioongezwa miaka thelathini.

"Na mtoto wangu?" aliuliza. Watu waliokuwa karibu waligeuza macho kwa haya. "Anavuja?"

"Nimeona vitambaa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi mapema siku moja. Lakini nadhani ni zamani."

"Ukawa unangoja nini?"

  Mama aliirudisha leso kichwani.

"Kondoo wa kutusafisha kwa mwiko huu utaleta baadaye," alisema. "Jumatatu umpeleke. Mimi nitakuwa mlangoni."

Jumatatu alikuwa mlangoni kweli, ameketi kwenye benchi la mbao, leso imerudi mahali pake lakini uso haukuupa ukuta. Ndani, Daktari Moira alimpima Sellah nyuma ya pazia kwa muda ambao Onesmus aliuhesabu kwa matone ya bomba lililovuja. Sellah alitoka akifunga kanga yake, akaketi. Hakujua Kiingereza, aliacha shule darasa la nne ili wadogo zake wasome. Daktari alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akaketi mbele yao, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mara mbili alinyamaza akachagua neno, na mara zote mbili alimtazama Onesmus kabla ya kuendelea.

 Alipomaliza, Sellah hakumtazama. Aliugeukia mdomo wa mumewe, kama mtu anayetazama mlango utakaofunguliwa.

"Amesemaje?" aliuliza. Kisha, kwa sauti ya mama yake: "Usiniruke hata neno."

Onesmus aliushika mkono wake, uliokuwa wa baridi kama wake mwenyewe, akaanza mwanzo.